Daftari Ambalo Serikali Haikuwa Nalo

Ofisini walimwita Bi Majibu, naye hakuliona jina hilo kuwa tusi. Kila swali lililoulizwa bungeni kuhusu ndege, viwanja vya ndege na watu wanaopanda ndege lilishuka ngazi mpaka ghorofa ya tatu, likaingia chumba cha mwisho upande wa kushoto na kutua mezani kwake. Yeye ndiye aliyeliandikia jibu. Waziri alilisoma. Nchi nzima ilisikia sauti ya Waziri, lakini koma na nukta zilikuwa za Bi Majibu, na alizionea fahari kama mama anayemwona mwanawe jukwaani.

Alikuwa fundi. Hata waliomwonea gere walikiri hivyo. Angeweza kuandika aya nzima ambayo msikilizaji akitoka nayo ukumbini anajiona ameshiba, akifika getini njaa inamrudia. "Serikali inalifuatilia suala hili kwa karibu" lilikuwa lake. "Mchakato uko katika hatua nzuri" lilikuwa lake pia, ingawa wizara nyingine zilikwisha kuliiba. Kabati la chuma nyuma ya kiti chake lilijaa majibu ya miaka kumi na minne. Kazi ilipobana, alitoa jibu la zamani, akabadilisha tarehe, akalikung'uta vumbi, likapanda ngazi likiwa jipya.

Mkurugenzi wake, mwanamume mpole aliyeweza kumenya chungwa juu ya faili bila kudondosha tone, ndiye aliyemfundisha kazi. Alimfundisha asitoe namba ambayo hakuombwa. Alimfundisha kwamba swali la msingi huandaliwa wiki nzima, ila mtu huumbuka kwenye swali la nyongeza. Na alimfundisha kanuni iliyobeba zote: kitu kisicho na fomu, na fomu isiyo na namba, hakipo.

"Sisemi hakipo duniani," alikuwa akisema, huku akipanga maganda pembeni. "Hakipo serikalini. Na Waziri anajibu kwa niaba ya serikali. Hajibu kwa niaba ya dunia."

Siku ya kwanza Bi Majibu alicheka mpaka akafuta machozi. Miaka kumi na minne baadaye alikuwa akiwafundisha wengine kanuni ileile, na hakukumbuka ni lini aliacha kucheka.

Swali lenyewe lilikuja Ijumaa. Lilitoka kwa mbunge ambaye wenzake walimwita Mwalimu, kwa kuwa alifundisha hesabu miaka thelathini kabla ya kugombea, na mpaka leo aliuliza maswali kana kwamba ana chaki mkononi. Alitaka kujua ni abiria wangapi waliougua au kufariki mara tu baada ya safari ndefu za ndege, na Serikali ina mpango gani wa kulinda afya zao.

Bi Majibu alilisoma mara moja, akaliweka chini, akaenda kusimama dirishani. Alijua jibu liko wapi. Liko kwenye droo ya dada yake.

Dada yake, mkubwa wake kwa miaka tisa, alikuwa muuguzi wa chumba cha afya cha uwanja wa ndege. Kazi aliyoandikiwa ilikuwa kukagua kadi za chanjo. Kazi aliyojiandikia mwenyewe ilikuwa nyingine. Kila siku saa nane mchana ilitua ndege moja kubwa, iliyokaa hewani saa kumi na moja bila kituo, na kila baada ya wiki kadhaa abiria mmoja alianguka kwenye ule ujia mrefu kati ya mlango wa ndege na madirisha ya pasipoti. Mguu mmoja umevimba, pumzi fupi, kifua kinabana. Damu iliyoganda mguuni kwa kukaa sana ilikuwa imeng'oka na kupanda mapafuni. Wengine walipona. Wengine walifika hospitali wakiwa wamefunikwa.

Fomu ya abiria mgonjwa ilikuwepo, tena yenye namba, lakini ilihusu aliyeugua ndani ya ndege. Mlango ukishafunguliwa na mguu ukishakanyaga ujia, wizara ya Bi Majibu ilimhesabu abiria kuwa amewasili salama. Wizara ya Afya nayo ilimhesabu mgonjwa pale tu alipofika mapokezi ya hospitali. Kwa hiyo mtu aliyeanguka ujiani hakuwa wa wizara yoyote. Alikuwa wa Dada peke yake.

Dada akanunua daftari la jalada gumu, akalipiga mistari kwa rula na kuanza kuandika: tarehe na saa, jina, umri, namba ya kiti, mguu upi, mara ngapi aliinuka njiani, alipelekwa wapi, iliishaje. Aliandika miaka minane.

Jumapili ile Bi Majibu alikwenda kwa dada yake kama kawaida. Alimkuta shemeji yake kibarazani, miguu kwenye beseni, gazeti usoni.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba, sauti ya Serikali! Karibu. Leo uko katika hatua gani, nzuri au nzuri sana?"

"Shemeji, nimekuja kula, sikuja kuhojiwa."

"Haya, ingia. Ila dada yako ana jambo. Tangu Ijumaa anaimba jikoni, na unajua mwenyewe dada yako akiimba majirani wanafunga madirisha."

"Nimekusikia!" Dada alipaza sauti kutoka ndani. Akatoka akifuta mikono kwenye kanga, uso umemng'aa. "Njoo hapa, mdogo wangu. Ni kweli Mwalimu kauliza?"

"Nani kakwambia?"

"Ratiba ya Bunge si imebandikwa? Unadhani wanaojua kusoma mko ghorofa ya tatu tu?" Alimvuta mkono mpaka mezani, akamkalisha. "Sikiliza. Mwambie Waziri wako daftari lipo. Nipe siku moja, nitalinakili vizuri, hata kwa wino wa rangi mbili akitaka. Na jambo ninaloliomba ni dogo, yaani dogo mpaka aibu. Unamkumbuka yule bibi niliyekusimulia?"

Bi Majibu alimkumbuka. Bibi aliyekuwa anapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, kiti cha dirishani, vijana wawili wamelala pembeni yake. Aliona haya kuwaamsha ili apite. Akakaa saa kumi na moja, hakuinuka hata mara moja, hata haja alijizuia. Alianguka ujiani akiwa ameshika kadi yake ya uhamiaji, amekwisha kuijaza kwa mwandiko mzuri.

"Basi daftari langu limejaa watu kama yule," Dada alisema. "Wa dirishani na wa katikati. Watu wenye adabu zao. Hawataki kusumbua, hawajui kama inaruhusiwa kuinuka. Ninachotaka ni tangazo. Rubani aseme, au yule dada wa chakula aseme: jamani, simameni, tembeeni, mwamsheni jirani, siyo kosa. Maneno kumi tu! Mwenye shirika hataki kulitoa kwa sababu watu wakisimama wanazuia mikokoteni. Lakini Serikali ikiagiza, atabisha?" Akaanza kutaja idadi, wangapi kwa mwaka, wangapi wa dirishani, wangapi hawakurudi kwao.

Bi Majibu aliisikia idadi ile kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Kichwani alikuwa tayari anatunga. Alikuwa anajiuliza Mkurugenzi atasemaje.

"Nitaona, Dada," alisema.

"Utaona nini?"

"Nitaona namna ya kuliweka."

Dada alimtazama kidogo, kisha akamgusa shavu kama alivyokuwa akimfanyia zamani, alipomlea baada ya mama yao kufariki. "Wewe hukosi maneno. Ndiyo maana nakuaminia."

Jumatatu Mkurugenzi alisikiliza yote bila kumkatiza. Alimaliza chungwa lake, akafuta vidole kimoja kimoja.

"Hilo daftari nani aliliidhinisha?"

"Hakuna. Alilianzisha mwenyewe."

"Lina namba?"

"Halina."

"Kwa hiyo muuguzi wa chanjo, bila kibali, ameandika maradhi ya watu miaka minane na kuyafungia kwenye droo." Alisema kwa upole, kama daktari anayegusa mahali panapouma. "Mimi simlaumu. Ila tukilitaja bungeni, swali la kwanza litakuwa la abiria. La pili litakuwa la dada yako. Unataka aulizwe?"

Bi Majibu hakutaka aulizwe. Alishuka ngazi akijiambia kwamba anamlinda. Maneno hayo yalimtuliza kwa sababu nusu yake yalikuwa kweli. Nusu ya pili, ambayo hakuitazama usoni, ni kwamba jibu lenye daftari lingekuwa refu, lenye mashimo, lenye namba ambazo hakuna aliyezihakiki. Lingekuwa jibu baya. Jibu lisilo na daftari lilikuwa limenyooka. Aliliandika kwa dakika ishirini, na lilikuwa zuri kiasi kwamba alilisoma mara mbili kwa sauti, mlango ukiwa umefungwa.

Alhamisi alikuwa kwenye benchi la wataalamu, nyuma ya Waziri. Benchi hilo lilitengwa na ubao mfupi, na kazi ya waliokaa pale ilikuwa moja: Waziri akibanwa na swali la nyongeza, aliupeleka mkono nyuma, kiganja wazi, nao wakaweka kikaratasi. Waziri huyu alikuwa na mazoea yake. Alikuwa akiaminia vikaratasi vya Bi Majibu kiasi kwamba alivisoma kwa sauti moja kwa moja, bila kuvipitia kwanza. Wenzake walimtania kuwa ananena kwa kalamu ya mwanamke. Yeye alijibu kuwa angalau anajua anayemwandikia, wao je?

Alisoma jibu la msingi. Wizara haikuwa na kumbukumbu za vifo vya aina hiyo, Serikali ilikuwa ikishauriana na wadau, mchakato ulikuwa katika hatua nzuri. Watu wa upande wake wakagonga meza.

Mwalimu akasimama taratibu. Miwani puani, kidole hewani.

"Mheshimiwa Spika, nimesikia kuhusu wizara. Mimi nauliza uwanjani. Pale chini, kwenye sakafu, mahali watu wanapoanguka. Je, kuna rejista yoyote, hata ya mkono, hata ya daftari la shule, inayoandika watu hawa? Waziri aniambie ipo au hakuna. Sitaki insha."

Wabunge wakacheka. Mkono wa Waziri ukaja nyuma, kiganja wazi.

Bi Majibu aliutazama mkono ule. Pete, mistari ya kiganja, saa inayometameta. Alikuwa na muda wa kupumua mara tatu, labda nne. Angeweza kuandika *ipo*. Herufi tatu. Alimwona Mkurugenzi pembeni yake akitazama mbele, shwari. Akilini alimwona dada yake akiitwa kwenye kikao, amevaa sare yake ya kazini, anaulizwa na watu wa suti kibali chake kiko wapi. Kalamu ikaenda yenyewe kwenye njia iliyoizoea.

*Hakuna.*

"Hakuna, Mheshimiwa Spika," Waziri alisema, akakaa.

Neno likaingia Hansadi, kitabu kinachoandika kila linalosemwa bungeni. Na likishaingia humo, haliko tena kinywani mwa mtu. Linakuwa amri.

Jumamosi asubuhi simu ya Bi Majibu iliita. Alikuwa shemeji yake, na hakufanya mzaha hata kidogo. "Nenda uwanjani ukamwone mwenzio," alisema. "Mimi kaninyamazia."

Chumba cha afya kilikuwa kidogo na safi: kitanda chenye shuka nyeupe, mizani, mtungi wa oksijeni, bango la kuonyesha namna ya kunawa mikono. Dada alikuwa amekaa kwenye kiti cha wagonjwa. Bi Majibu hakuwahi kumwona amekaa kwenye kiti hicho.

"Jana alikuja Meneja wa uwanja," Dada alisema bila kusalimiwa wala kusalimu. "Na ukurasa wa Hansadi, ameupiga mstari kwa wino wa kijani. Kaniuliza, Sista, hapa kuna rejista? Nikamwambia ipo, tena wewe mwenyewe umewahi kuishika. Akasema, Waziri kaliambia Bunge hakuna. Wakija wakaguzi wakaikuta, mwongo atakuwa nani? Waziri? Nikamwambia basi nitaipeleka nyumbani. Akasema ina majina ya wagonjwa, haitoki."

"Iko wapi, Dada?"

"Pale nyuma, kwenye tanuri la taka. Tunakochoma sindano na bandeji." Alinyoosha mkono akachukua karatasi juu ya mizani. "Kanitaka nilitie daftari humo mwenyewe, kwa kuwa mwenye ruhusa ya kufungua tanuri ni mimi. Kisha nikajaza fomu. Kitu hakiwezi kuteketezwa bila fomu, si unajua. Hii hapa."

Bi Majibu aliipokea. Fomu ya kuteketeza taka. Namba yake ilichapwa juu kulia, nyekundu, tarakimu sita. Chini, kwa mwandiko wa dada yake uliosimama wima: *Daftari moja la kumbukumbu za abiria waliougua baada ya kushuka. Miaka minane. Limeteketea lote.* Sahihi ya muuguzi. Sahihi ya Meneja. Muhuri.

"Waziri alilitoa wapi hilo *hakuna*?" Dada aliuliza. "Nilikuwa nasikiliza redio hapahapa. Nilimsikia akinyamaza kidogo, kisha akasema. Huwa ananyamaza ili apewe."

Bi Majibu aliikunja fomu, akaikunjua.

"Nilidhani watakusumbua," alisema. "Nilitaka kukukinga."

"Ungeniuliza." Dada hakupaza sauti. "Ungeniuliza tu, we mtoto. Ningekwambia waache wanisumbue. Mimi nimesumbuliwa na watu wanaokufa mikononi mwangu, nitaogopa mtu mwenye tai?"

Ndege kubwa ilikuwa imebakiza saa tatu itue. Nje ya mlango msafishaji alipita na mashine yake ya kung'arisha sakafu, akasalimia, akaitikiwa na Dada peke yake.

Jumatatu Bi Majibu aliandika waraka wa kusahihisha kauli ya Waziri. Utaratibu huo ulikuwepo, ingawa yeye hakuwahi kuutumia. Aliambatisha nakala ya fomu yenye namba nyekundu, akaupeleka mwenyewe kwa Mkurugenzi.

Mkurugenzi alisoma fomu ile kwa muda mrefu. Alikuwa ameshikwa na kanuni yake mwenyewe, na alijua.

"Ina namba," Bi Majibu alisema.

"Naiona."

"Basi daftari lilikuwepo. Serikalini, siyo duniani tu."

"Lilikuwepo mpaka Ijumaa," Mkurugenzi alisema, akauweka waraka kwenye trei ya *Subiri*. "Wacha vumbi litulie. Ukisahihisha sasa utamuumbua Waziri, na dada yako hatarudishiwa kitu. Tusubiri kikao kijacho."

Naye akasubiri. Hilo ndilo baadaye lilimkera zaidi, kuliko hata kikaratasi. Kikaratasi alikiandika kwa pumzi nne. Kusubiri alikusubiri wiki tatu nzima, saa za kazi, akinywa chai, akijibu maswali ya taa za barabara ya kurukia na foleni za mizigo. Kila asubuhi alipita mbele ya trei ile. Kila asubuhi waraka ulikuwa palepale. Jumapili hakwenda kwa dada yake, akajisemea kwamba anampa nafasi.

Aliyelifukua jambo hakuwa yeye. Alikuwa mtoto wa yule bibi wa dirishani, fundi viatu, aliyemwandikia Mwalimu barua ya kurasa mbili. Mama yake alipofariki alikwenda uwanjani kuuliza, na muuguzi akamfungulia daftari akamwonyesha mstari wa mama yake: kiti, saa, *hakuinuka hata mara moja, aliona haya*. Aliusoma kwa macho yake. Sasa amesikia redioni kwamba hakuna daftari. Je, alichosoma ni nini?

Mwalimu aliisoma barua yote bungeni. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Mheshimiwa Spika, mimi nimefundisha hesabu. Ama Waziri amekosea, ama fundi viatu huyu ameota. Daftari liko wapi?"

Mkono ukaja nyuma. Pete, saa, kiganja wazi.

Mkurugenzi alikuwa tayari ameandika chake: *Serikali inalifuatilia.* Alikisukuma kwa kidole kuelekea kwa Bi Majibu, kwa kuwa Waziri alizoea mwandiko wake, ili akinakili. Bi Majibu hakukinakili. Aliandika kikaratasi chake cha mistari mitatu, akakiweka kiganjani kabla moyo haujageuka.

"Mheshimiwa Spika," Waziri alianza, kwa sauti yake nzuri ya kila siku, "daftari lilikuwepo. Liliteketezwa siku moja baada ya jibu letu, kwa sababu ya jibu letu. Ushahidi ni fomu ya taka namba..." Hapo ndipo masikio yake yalipokifikia kinywa chake. Alikodoa macho kwenye karatasi. Akageuka nyuma. Lakini maneno yalikuwa yametoka, na ukumbi mzima ulikuwa umeyapokea.

Spika aligonga nyundo mara nne. Kelele zilipotulia Mwalimu alikuwa bado amesimama. Hakuonekana kama mtu aliyeshinda.

"Namshukuru Waziri kwa ukweli, hata kama umemponyoka. Swali langu la mwisho ni jepesi. Katika daftari hilo walikuwa wangapi?"

Mkono wa Waziri haukuja nyuma. Aligeuka mwili mzima, akamtazama Bi Majibu, na ukumbi ukamtazama pamoja naye. Naye alitafuta. Alirudi mezani kwa dada yake Jumapili ile, akamwona akitaja, vidole vikihesabu hewani, wangapi kwa mwaka, wangapi wa dirishani. Midomo ya dada yake ilikuwa ikitembea na hakuna kilichosikika. Miaka minane ya Jumapili. Alichobaki nacho ni bibi mmoja.

Aliandika kikaratasi cha mwisho cha kazi yake pale. Waziri alikipitia kwanza, mara mbili.

"Hatujui, Mheshimiwa Spika," alisema.

Bi Majibu alihamishiwa masjala, chumba cha chini kisicho na dirisha, kupanga mafaili ya wizara nyingine. Hakulalamika. Waziri alijieleza mbele ya kamati ya Bunge, Meneja akapewa onyo, na kamati ikaandika taarifa nzuri iliyoamuru rejista mpya, yenye namba, ianze kujazwa mara moja. Kuhusu tangazo kwa abiria, kamati ilishauriwa na wanasheria wa mashirika ya ndege kwamba haliwezi kuagizwa bila takwimu za miaka isiyopungua mitano. Takwimu hizo hazikuwepo. Kwa hiyo hesabu ingeanza upya, na tangazo lingesubiri.

Dada alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu.

Siku taarifa ile ilipotoka, Bi Majibu aliomba ruhusa akaenda kwa dada yake asubuhi. Shemeji alimfungulia, akamwambia, "Pita, jikoni," basi. Dada alikuwa anapiga pasi sare yake. Bi Majibu alikuwa na daftari jipya mkobani, jalada gumu, na kalamu mbili.

"Dada, sikiliza. Kamati imesema wataangalia hata ushahidi wa mdomo, ukiandikwa na kuapiwa. Tukae. Unitajie mmoja mmoja, mimi niandike. Tukipata hata nusu yao itasaidia. Wewe una kumbukumbu, husahau hata siku ya kuzaliwa ya paka."

Dada aliendelea na kola. Mvuke ulipanda kati yao.

"Niliandika ili nisiwabebe," alisema. "Hukulijua hilo? Mtu akishaanguka, ninaandika mstari wake, nafunga daftari, narudi nyumbani kupika. Ndivyo nilivyoweza. Nikishamwandika namwacha pale, yuko salama, siyo lazima nimkumbuke mimi." Aliinua sare, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, akaona imenyooka. "Tangu siku ile ya tanuri nawatafuta. Napata koti la huyu, viatu vya yule. Mmoja namkumbuka kikohozi tu. Namba za viti hakuna. Saa hakuna. Ungetaka niape nini?"

"Dada, nisamehe."

"Nimekusikia." Alivaa sare, akafunga vifungo kutoka chini kwenda juu, akabana saa yake ya kifuani. "Sijasema sitakusamehe. Nasema leo sina nafasi. Nina kazi."

Shemeji alimletea mkoba wake mlangoni. Dada alipokea, akatoka, akaupita mlango bila kugeuka. Ilikuwa saa tano na nusu. Mahali fulani juu ya mawingu mtu alikuwa amekaa kiti cha dirishani, magoti yamegusana na kiti cha mbele, akiwatazama wawili waliolala pembeni yake, akisema moyoni kwamba wacha tu wapumzike, si bado kidogo tufike.